Kanyagio la Pili

Saa kumi na mbili asubuhi mke wa mwalimu wa udereva alimsimamisha mumewe katikati ya chumba, akamshika kidevu kama anayekagua meno ya mtoto, akamwambia, "Nipulizie."

Mwalimu akapuliza.

Mke alikuwa fundi cherehani, na pua yake ilizoea kunasa vitu vidogo: mafuta ya mashine, chaki, kitambaa kilichoguswa na pasi iliyozidi moto. Alichonusa asubuhi hiyo hakikuwa kidogo. Kilikuwa kitamu na kichachu kwa pamoja, kama matunda yaliyosahauliwa mfukoni. Aligeuza uso, akajifanya anatazama saa ya ukutani.

"Inasikika?" mwalimu aliuliza.

"Si sana."

"Si sana ndiyo nini?"

"Kunywa kahawa, halafu utafune tangawizi hii njiani. Ukifika huko itakuwa imekwisha."

Jana yake walimu wa shule ya udereva walikuwa wamemuaga mwenzao aliyestaafu. Mwalimu alirudi nyumbani saa saba usiku, anaimba, viatu mkononi. Kwa hesabu yake alikuwa amelala karibu saa tano, ameoga maji ya baridi, na mtu aliyelala akaoga si mlevi tena. Ni mtu aliyekuwa amelewa jana. Mkewe naye alikuwa na hesabu yake. Mwenye shule alikuwa amemwonya mumewe mara mbili kwa kuchelewa, mara ya pili kwa maandishi, na barua ile ilikuwa bado iko chini ya kitambaa cha meza. Mwanafunzi wa saa moja alikuwa anasubiri.

"Nenda," alisema, akimwekea sawa kola ya shati lenye nembo ya shule. "Hakuna atakayejua."

Mwanafunzi wa saa moja alikuwa mkunga wa hospitali, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwenye mikono mipana na woga wa ajabu wa magari. Lilikuwa somo lake la nne. Gari la shule lilikuwa na makanyagio ya ziada upande wa abiria, mahali anapokaa mwalimu: klachi moja na breki moja. Siku ya kwanza mkunga aliuliza breki ile ya pili ni ya nini.

"Hiyo ni ya Mungu," mwalimu alimjibu, kama alivyowajibu wanafunzi wote kwa miaka kumi na miwili. "Mimi namsaidia tu kukanyaga."

Walicheka wote wawili siku ile.

Asubuhi hii walipita barabara ya soko bila tatizo. Walipokaribia mzunguko, mwanamke aliyevaa koti la rangi ya chungwa alikuwa ameinama pembeni, anakusanya mchanga kwa ufagio mrefu. Mkunga alimwona. Akakaza mikono kwenye usukani, akataka kukanyaga breki, akakanyaga mafuta.

Mwalimu naye alimwona, tena vizuri kabisa. Hata muda wa kuwaza neno aliupata, akawaza: breki. Lakini kati ya neno na mguu kulikuwa na kitu kimelala, kizito kama nguo iliyolowa. Mguu ukashuka pembeni ya kanyagio, ukagonga kapeti, ukainuka, ukatafuta, ukapata. Gari lilisimama hatua tatu mbele ya pale lilipopaswa kusimama.

Ufagio ulikuwa umelala barabarani umenyooka.

Mkunga ndiye aliyeshuka kwanza. Mikono iliyokuwa inatetemeka kwenye usukani ilitulia ilipomgusa mtu. "Mama, unanisikia? Usigeuze shingo. Tulia hivyo hivyo, mama." Mwalimu alibaki kwenye kiti, mguu wake wa kulia ukikanyaga kwa nguvu zote breki ya gari lililokwisha kusimama zamani.

*

Koplo wa trafiki alikuwa mwanamke mwenye miwani, mwandiko mzuri, na subira iliyotisha kuliko makelele.

"Mimi sikuwa naendesha," mwalimu alimwambia. "Muulizeni yeye. Usukani ulikuwa mikononi mwake."

"Yeye ana leseni?"

"Ya kujifunzia."

"Inamruhusu kuendesha peke yake?"

"Hapana. Lazima mwalimu awe pembeni."

"Pembeni anafanya nini?"

 Swali hilo alikuwa akiwauliza wanafunzi kila siku ya kwanza, na asiyejua jibu hakumruhusu hata kuwasha gari.

"Analisimamia gari," koplo alijijibu mwenyewe. "Basi gari lilikuwa lako." Akatoa kipimo cha kupuliza mezani.

Simu ya mwalimu ikalia. Alikuwa kaka yake, na sauti yake ilitoka kwenye simu kama kipaza sauti cha mnada: "Nimesikia! Usipulize! Nasema usipulize! Wasipopata namba hawana kesi!"

"Mwambie huyo mshauri wako," koplo alisema bila kuinua macho, "kwamba kukataa kupuliza ni kosa jingine lenye adhabu yake. Na tutakupeleka ukatolewe damu. Damu haijui kunyamaza."

Mwalimu alipuliza kidogo, kwa ncha ya midomo.

"Tena. Mpaka nikwambie acha. Tangawizi inadanganya pua, na hiki si pua."

Kipimo kikalia. Koplo akasoma, akaandika, akamgeuzia naye asome. Kilikuwa kimepita kiwango, tena si kwa kidogo.

"Lakini nimelala!" mwalimu alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Nimelala, nimeoga, nimekunywa kahawa vikombe viwili!"

"Kahawa humfanya mlevi awe mlevi aliye macho. Maji huosha ngozi. Pombe iko kwenye damu, mwalimu, na kazi ya kuiondoa ni ya ini. Ini lina mwendo wake. Halisukumwi."

Mke alikuwa amefika. Alisimama nyuma ya kaunta, futi yake ya kupimia nguo bado iko shingoni, kwa kuwa alikuwa ametoka mbio. Maneno yale ya mwisho aliyasikia yote. Koplo akamtazama yeye, kisha mumewe.

"Asubuhi nyumbani hapakuwa na aliyeiona hali yako?"

"Mke wangu alikuwa bado amelala," mwalimu alisema upesi.

Koplo akamgeukia mke, kalamu juu ya karatasi. Mke alitazama chini. Alinyamaza, na kunyamaza kwake kukaandikwa kuwa ndiyo.

*

Kaka yake mwalimu aliwahi kuwa tarishi wa mahakama. Miaka minane ya kubeba mafaili kutoka chumba hadi chumba ilimwacha na imani kwamba sheria yote ilimwingia kwa njia ya kwapa. Mtaani walimwita Kifungu, kwa sababu kila jambo alilijibu kwa kifungu fulani cha sheria, ambacho mara nyingi hakikuwepo. Alikuwa mtu mwema. Jioni ile ile, mdogo wake alipotoka kwa dhamana, alifika na kalamu mbili mfukoni na kukaa kwenye kiti cha mwenye nyumba.

"Kwanza, shemeji, tuliza moyo. Mume wako hana kesi."

"Wamechukua leseni yake, shemeji."

"Leseni ni karatasi. Sikiliza. Kosa la kwanza ni onyo. Hakimu akiamka vibaya, faini. Jela ni ya wezi. Pili, hakuwa kwenye usukani. Tatu, kile kipimo chao kinapimwa na nani? Nne, dawa ya kikohozi. Dawa zile zina pombe ndani. Shemeji utasema ulimpa wewe mwenyewe, kijiko kwa kijiko."

"Itabidi ziwe chupa ngapi, kaka?" mwalimu aliuliza kutoka pembeni, na hakuna aliyejua kama anatania.

Binti yao, aliyekuwa kidato cha tatu, alikuwa amesimama mlangoni na sahani mkononi. "Baba mkubwa, na yule mama akifa?"

"Hafi."

"Akifa?"

"Familia yake ikisamehe, wakatia sahihi, kesi inakufa naye."

Neno "naye" lilibaki chumbani baada ya Kifungu kuondoka. Lilikuwepo wakati wa kula, na lilikuwepo walipozima taa. Mke alilala chali akisikiliza. Kando yake mguu wa kulia wa mumewe ulikuwa unasukuma godoro, unaachia, unasukuma tena, na mwenyewe amelala fofofo. Hakumwamsha. Aliogopa akiamka atamwuliza kwa nini hajalala.

Siku ya nne mama mfagiaji alifariki. Habari ililetwa na hati mpya ya mashtaka. Mwalimu aliishika, akaitazama sana, akampa binti yake. "Nisomee. Miwani siioni." Miwani ilikuwa usoni mwake.

Binti alisoma wima, kama anasoma mbele ya darasa: kwamba mshtakiwa, akiwa msimamizi wa gari la mafunzo, na kiwango cha pombe mwilini mwake kikiwa kimezidi kile kinachoruhusiwa, alisababisha kifo. Hapo yalifuata majina matatu ya marehemu. Nyumbani mwao hawakuwahi kuyajua. Binti aliyasoma mara mbili, polepole, kama anayehofia kuyakosea.

"Basi," mama yake alisema. "Basi, mwanangu, tumesikia."

*

Barua ya msamaha Kifungu aliichapisha mwenyewe, ikiwa na mahali pa sahihi tatu na mhuri wa serikali ya mtaa. Alimchukua shemeji yake wakaenda. Mwalimu alitaka kwenda akakatazwa. Mshtakiwa, alisema Kifungu, hapaswi kuonekana anajua njia ya kwa marehemu.

Kilikuwa chumba kimoja chenye pazia katikati. Aliyewapokea alikuwa mdogo wa marehemu, mwanamke mnene kidogo aliyekuwa akifua mashuka ya hospitali, mikono yake myeupe vidoleni kwa dawa ya kufulia. Kwenye kamba nje koti la rangi ya chungwa lilikuwa linakauka. Lilikuwa limefuliwa vizuri sana, maana kampuni ya usafi ilikuwa imetuma mtu kulidai.

Kifungu aliongea muda mrefu, kwa heshima zote. Mwanamke alimsikiliza, kisha akaichukua barua.

"Hii inasema nini?"

"Inasema mmesamehe, dada yangu, na hamtaki kesi iendelee."

"Mimi nilifungua kesi lini?"

"Hukufungua wewe, ni serikali, lakini..."

"Basi serikali ndiyo iwape karatasi." Aliikunja barua sawasawa, kona kwa kona, kama shuka. "Mnataka kusamehewa, au mnataka sahihi?"

"Vinakwenda pamoja, dada."

"Kwangu haviendi pamoja." Akamgeukia mke. "Wewe ni nani wake?"

"Mke wake."

"Asubuhi ile alikuwa anaonekanaje?"

Mke alihisi ulimi wake umekuwa wa mtu mwingine. "Alikuwa... alikuwa anawahi kazini."

"Hata dada yangu alikuwa amewahi," mwanamke alisema.

Aliwasindikiza hadi nje, kama mgeni anavyosindikizwa, na hilo ndilo lililomchoma mke njia nzima. Laiti angefukuzwa. Laiti angemwagiwa maji ya mashuka.

*

Wiki hiyo hiyo mwenye shule alituma ujumbe. Hakuandika pole. Aliandika kwamba mwalimu amesimamishwa, na kwamba mashati mawili yenye nembo yarudishwe ofisini, yakiwa yamefuliwa na kupigwa pasi. Mke aliyapiga pasi. Kwenye kola ya moja, mahali alipolishika asubuhi ile, alirudia pasi mara nne mpaka binti akasema, "Mama, utaliunguza."

Wakili waliyepewa na mahakama alikuwa mwanamke wa sauti ndogo na mkoba mzito. Kwa nusu saa alibomoa kila kitu Kifungu alichojenga. Dawa ya kikohozi haifikishi mtu kwenye namba ile. Kipimo kilikuwa kimekaguliwa mwezi huo huo. Sahihi za familia zinaweza kumlainisha hakimu wakati wa adhabu, haziui mashtaka. Bima italipa familia ya marehemu, halafu itamgeukia mwalimu imdai yeye, kwa kuwa alilewa.

"Na onyo?" Kifungu aliuliza. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Kosa la kwanza?"

"Mtu amekufa, mzee."

Kifungu akafunga kalamu.

"Kitu kimoja kina uzito," wakili aliendelea, akipekua faili. "Mwanafunzi alikanyaga mafuta. Amekiri mwenyewe. Tunaweza kudai kwamba hata mwalimu asiyeonja pombe maishani asingeweza kulisimamisha gari lile. Maana yake mkunga atahojiwa mahakamani mpaka achoke. Na mke wako apande kizimbani aseme ulitoka nyumbani ukiwa mzima." Akainua macho. "Alitoka mzima, mama?"

"Alikuwa amelala, huyu," mwalimu alidakia.

"Nimemwuliza yeye."

"Niliambiwa nilikuwa nimelala," mke alisema.

Wakili alimtazama kwa muda, akaandika kitu, akakifuta.

Kifungu alikuwa amefufuka. "Si nilisema! Ni mkunga! Aliyekanyaga ni yeye, abebe yeye!"

Walipobaki wawili jikoni, mchana, mke alimwambia mumewe bila kugeuka kutoka kwenye sinki, "Niliinusa."

"Najua. Uligeuza uso."

"Mbona hukusema kitu?"

"Mbona hukusema wewe?"

Maji yaliendelea kutoka bombani. Hakuna aliyeyafunga.

*

Jumapili alasiri mkunga alibisha hodi. Alikuwa amekonda. Kifungu, aliyekuwa anapanga maswali ya kumwuliza mahakamani, alikusanya karatasi zake upesi na kuzikalia.

"Sikuja kwa ajili ya kesi," mkunga alisema. Alikataa chai, akakubali kiti. "Mimi wameniambia ni shahidi tu. Nimekuja kuuliza. Mwalimu, mikono yangu imeanza kutetemeka kazini. Juzi mwenzangu aliniondoa kitandani kwa mzazi, mbele ya mzazi. Nimezalisha watu miaka kumi na saba." Akaitazama mikono yake kama vitu alivyoazima. "Nataka kujua jambo moja. Ni mimi niliyemuua?"

Kifungu akakohoa. Kilikuwa kikohozi chenye maana, na kila mtu aliisikia maana yake.

 Mke alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha mumewe. Alijua jibu ambalo lingemrudisha mumewe nyumbani. Lilikuwa jibu fupi, na nusu yake ilikuwa kweli. Alijikuta anaomba Mungu mumewe alitoe, na papo hapo akaona aibu ya ombi lile.

"Dada," mwalimu alisema. "Mwanafunzi wa somo la nne hukanyaga mafuta badala ya breki. Wengi sana. Wewe si wa kwanza, wala si wa mia. Mwaka huu nimesimamisha gari mara nyingi kuliko ninavyokumbuka, na wenyewe hawakujua. Wanadhani limezimika. Nawaambia, jaribu tena."

"Na siku ile?"

"Siku ile nilimwona kabla yako."

"Kaka," Kifungu alimwita mdogo wake, kwa sauti ambayo hakuwahi kumwitia. "Kaka, nyamaza."

"Nilimwona, nikasema breki, na mguu ukaenda kwenye kapeti. Mguu wa mtu asiye na pombe mwilini hauendi kwenye kapeti. Wewe ulikosea kosa la mwanafunzi. Mimi nalipwa ili kosa hilo lisimfikie mtu." Akameza mate. "Rudi kazini, dada. Mikono yako haina kosa."

Mkunga alilia kwa muda mrefu, bila sauti, shingo imenyooka. Alipoondoka alimshika mke mkono kwa mikono yote miwili, na mke akahisi vidole vile bado vinatetemeka.

"Umejimaliza," Kifungu alisema mlango ulipofungwa. Karatasi zake zilikuwa zimejikunja chini yake. "Umejimaliza mwenyewe, mdogo wangu, na mimi nilikuwa nimekutoa."

*

Mwalimu alikiri kosa. Kesi ambayo Kifungu alisema itachukua miaka mitatu ilikwisha asubuhi moja, kati ya kesi ya mbuzi na kesi ya mpangaji. Mkunga alikuwepo, ingawa hakuitwa. Mdogo wa marehemu alikuwepo, safu ya mbele, na mkoba mapajani.

Wakili aliomba huruma: miaka kumi na miwili ya kufundisha bila doa, mtoto anayesoma, kukiri mapema. Hakimu aliandika yote. Kisha akavua miwani.

"Mshtakiwa, wewe ulikuwa unawafundisha watu sheria hii hii."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Asubuhi ile, kabla hujatoka nyumbani, hapakuwa na mtu wa kukuzuia?"

Mke alikuwa safu ya tatu. Mgongo wa mumewe ulikuwa mbele yake, ndani ya shati alilomshonea kwa ajili ya siku hiyo. Aliweza kusimama. Miguu ilikuwepo. Alisema moyoni, nikihesabu tatu nasimama.

"Hapakuwa na mtu, mheshimiwa," mwalimu alisema.

Hakimu alisoma adhabu: kifungo cha miaka minne, leseni kufutwa, marufuku ya kufundisha udereva maisha yake yote. Kifungu alisikika akinong'ona, si kwa hakimu wala kwa yeyote, "Lakini ni kosa lake la kwanza."

Hakimu alimsikia. Hakukasirika. "Kwake ni la kwanza," alisema. "Kwa marehemu lilikuwa la mwisho."

Walipomshusha, mwalimu aligeuka mara moja kumtafuta mkewe. Alimwona, akatikisa kichwa kidogo, kama anayesema liache hivyo hivyo.

Mke akaliacha. Lakini lenyewe halikumwacha. Hapakuwa na mtu. Akiwa kwenye cherehani, alilisikia neno hilo. Jirani akigonga mlango na kuuliza kama kuna mtu, alichelewa kuitika, kwa sababu kwa nukta moja hakuwa na uhakika. Alianza kuzungumza peke yake ili asikie kama yupo. Siku za kutembelea gereza alizungumza na mumewe habari za binti, habari za paa, habari za Kifungu, ambaye siku hizi akiulizwa jambo la sheria husema, "Muone wakili." Neno lile hakuna kati yao aliyeligusa.

*

Miezi saba baadaye, asubuhi ya kawaida, mdogo wa marehemu aliingia kwenye chumba cha kushonea akiwa na mfuko wa karatasi. Mke alisimama haraka mpaka kiti kikaanguka.

"Kaa," mwanamke alisema. "Nimekuja na kazi."

Alitoa gauni la rangi ya kijani, la vitenge viwili vilivyounganishwa kiunoni, lililofubaa mabegani kwa jua. "Alikuwa mwembamba. Mimi unaniona. Nataka liniingie."

Mke alilishika. Mikono yake ilijua cha kufanya kabla yake. Ililigeuza ndani nje, ikapekua mishono. Aliyeshona alikuwa fundi mzuri, aliacha kitambaa cha akiba ndani ya mishono pande zote.

"Linawezekana," alisema. "Nitafumua nilipanue hapa na hapa." Kisha akashindwa kujizuia. "Mafundi wamejaa mji mzima. Mbona umekuja kwangu?"

"Nimekwenda kwa watatu. Kila mmoja ananiuliza, hili ni la nani, mbona si saizi yako, mwenyewe yuko wapi. Nimechoka kueleza." Akavua kitambaa chake begani na kunyoosha mikono apimwe. "Wewe huwezi kuniuliza."

Mke alizungusha futi kifuani mwake, kiunoni, nyongani. Aliandika namba kwenye kipande cha karatasi. Mwili wa mwanamke yule ulikuwa na joto na ulinuka sabuni. Alipofika mgongoni, mahali ambapo hawakuonana macho, alisema, "Kuna jambo. Asubuhi ile, mimi..."

"Usiniambie."

"Ni jambo ambalo wewe una haki..."

"Nililijua siku mliyokuja na karatasi. Nilikuuliza, nikaona uso wako." Mwanamke hakugeuka. "Ukiniambia wewe utapumua, na mimi nitabeba. Mimi mzigo wangu unanitosha. Pima."

Mke akapima. Kisha akapima upya.

Mgeni wake alipovaa kitambaa chake tena, mke alisema kazi ile hailipwi, hawezi kupokea kitu. Mwanamke alimtazama kama alivyowatazama siku ile na barua mkononi.

"Kila mtu unamtoza kiasi gani kwa kazi kama hii?"

Mke akataja.

"Basi ndiyo hiyo hiyo."

Akaweka nusu mezani, akaahidi nyingine siku ya kuchukua nguo, akauliza ni lini, akaambiwa Alhamisi, akaenda. Mke alikaa. Alichukua wembe, akaanza kufumua mshono wa ubavuni, uzi mmoja baada ya mwingine, bila haraka. Mshono ulipofunguka, kitambaa kilichokuwa kimefichwa ndani kilijitokeza, kijani kibichi, kama kilichotoka dukani leo.